Kikomo cha asilimia 80: tathmini ya miezi 26 kwenye kompyuta mpakato moja

Ninachokitathmini hapa hakiuzwi dukani, hakina kasha wala dhamana yake. Ni mpangilio mmoja uliomo ndani ya kompyuta mpakato nyingi za siku hizi, unaoiamuru kompyuta iache kujaza betri inapofika asilimia 80, hata kama chaja itabaki imechomekwa kwenye soketi wiki nzima. Nimeutumia kwa miezi 26 kwenye kompyuta ninayohariria maandishi kwa saa nane hadi kumi kwa siku, na kwa sehemu kubwa ya saa hizo nakuwa mezani, chaja imechomekwa, betri haina kazi yoyote isipokuwa kusubiri umeme ukatike. Kwa matumizi ya namna hiyo naupa mpangilio huu alama za juu kuliko kifaa chochote cha ziada nilichowahi kukinunulia kompyuta, ingawa namna ulivyotekelezwa kwenye mashine yangu ina kasoro ambazo sitazifumbia macho.

Sababu ya kuufuatilia ni kompyuta iliyotangulia hii, ambayo haikuwa na kikomo chochote. Nayo ilikaa mezani imechomekwa asubuhi hadi usiku, ikionyesha asilimia 100 mwaka mzima, nami nikiamini kwamba betri isiyotumika haichakai. Katika mwaka wa tatu padi ya kugusa ilianza kuwa ngumu. Upande wa kulia ulibonyeka, wa kushoto ukagoma, nikasingizia vumbi na makombo. Wiki chache baadaye niligundua kwamba kompyuta ikiwekwa mezani inapepesuka kama kiti chenye mguu mfupi, na nilipopitisha ukucha kwenye mshono wa mfuniko wa chini, ukazama mahali ambapo zamani haukupata hata pa kushika. Fundi aliifungua nikiwa nimesimama kando yake. Kati ya seli tatu bapa za betri zilizolala chini ya padi, mbili zilikuwa zimevimba kama mito midogo ya kulalia, gamba lao la rangi ya fedha limekazana hadi linang'aa. Nilimwambia kwamba betri ile karibu sikuwahi kuitumia. Akajibu bila kuinua macho, "Ndiyo maana, ndugu yangu. Hii haikufa kwa kazi, imekufa kwa shibe."

Maneno yale yana kemia ndani yake. Betri za lithiamu-ioni, ambazo Sony iliziingiza sokoni mwaka 1991 na ambazo ndizo zimo ndani ya karibu kila kompyuta mpakato leo, huchakaa kwa njia mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni ya kazi: kila betri inapochajiwa na kutumika, lithiamu huingia na kutoka ndani ya grafiti, yaani kaboni inayounda elektrodi hasi, upande mmoja wa betri; grafiti hutanuka na kusinyaa, na baada ya mizunguko mia kadhaa sehemu ya uwezo wa kushika chaji huwa imeshapotea. Ya pili ni ya umri, nayo haisubiri kazi. Juu ya grafiti kuna utando mwembamba unaojijenga tangu mara ya kwanza betri inapochajiwa. Utando huo ni wa lazima, kwa kuwa ndio unaokizuia kimiminika kilichomo ndani kisiendelee kuharibika juu ya elektrodi, lakini hauachi kunenepa, na kila unaponenepa hula lithiamu ambayo haitarudi tena kazini. Mambo mawili huyaharakisha madhara ya umri: joto, na kukaa kwa muda mrefu kwenye volti ya juu. Seli ya kawaida ina wastani wa volti 3.6 au 3.7, na huhesabiwa kuwa imejaa inapofika volti 4.2, nyingine za kisasa zikipandishwa hata zaidi ya hapo. Kwenye kilele hicho kimiminika cha ndani huvunjika taratibu upande wa elektrodi chanya, na baadhi ya mabaki yake ni gesi; gesi hiyo ndiyo iliyoiinua padi yangu. Betri iliyojazwa pomoni na kuachwa hivyo ni upinde uliovutwa na kuachwa umevutwa: hakuna mshale uliorushwa, lakini uzi na mti vinachoka.

Kuna jedwali la tovuti ya Battery University ambalo watu wanaoshughulika na betri hulirejea mara kwa mara. Kwa mujibu wa makadirio yake, betri ya lithiamu-ioni iliyohifadhiwa mwaka mmoja kwenye nyuzi 25 za Selsiasi ikiwa na chaji ya asilimia 40 hubaki na takriban asilimia 96 ya uwezo wake, ilhali iliyojaa kabisa hubaki na asilimia 80 tu. Joto likipanda hadi nyuzi 40, ya kwanza hubaki na asilimia 85 na ya pili na 65. Seli hutofautiana, kwa hiyo mtu asizichukue namba hizo kama hukumu ya kompyuta yake, lakini mwelekeo wake unatosha kueleza kwa nini kompyuta yangu ya zamani, iliyokuwa imejaa na yenye joto wakati wote, ilipata mabaya yote mawili kwa pamoja.

Nikirudi kwenye mpangilio wenyewe, malalamiko yangu ya kwanza ni kwamba umefichwa. Kila mtengenezaji ameuweka mahali pake na kuupa jina lake, na hakuna hata mmoja niliyemwona akiutangaza kwenye kasha pale anapojisifia saa za kukaa na chaji. Kwenye kompyuta za ASUS umo ndani ya programu ya MyASUS, ambako kwa muda mrefu mtumiaji amekuwa akichagua kati ya asilimia 100, 80 na 60. Kwenye ThinkPad za Lenovo mtu anaweza kuweka namba mbili, moja ya kuanza kuchaji na nyingine ya kuacha, na huo ndio utekelezaji ninaouona bora kuliko yote. Dell wanao ndani ya BIOS, ile programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows, kwa mashine zao nyingi, na wanaotumia Linux wanaweza kuandika namba wanayoitaka kwenye faili la charge_control_end_threshold lililomo chini ya /sys/class/power_supply, ikiwa mashine yao inalikubali, au kuiachia programu ya TLP iwafanyie. Kwangu umo ndani ya programu ya mtengenezaji, kwenye ukurasa wa tatu, chini ya kichwa cha habari kisichotaja neno betri. Nilimiliki kompyuta hiyo kwa siku tisa kabla ya kuugundua, tena nikitafuta namna ya kuzima taa za kibodi.

Ukishauwasha, hakuna la kufanya tena. Chaji hupanda hadi 80 na kusimama, taa ya pembeni hubadilika rangi, na kuanzia hapo kompyuta hula umeme wa chaja moja kwa moja huku betri ikiwa imekaa kando. Hili la mwisho huwatatiza wengi, kwa kuwa hudhani kwamba kompyuta iliyochomekwa hupitisha umeme wote ndani ya betri kwanza, kama maji yanayopita kwenye tangi kabla ya kufika kwenye bomba. Sivyo. Saketi ya kuchaji hukatwa, na mashine hulishwa na chaja peke yake, mradi chaja ina nguvu za kutosha. Sharti hilo si la kupuuzwa. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikitumia chaja ndogo ya wati 45 kwa sababu ni nyepesi, ilhali kompyuta ilikuja na ya wati 65, na sikuona tofauti yoyote wakati wa kuandika. Siku niliyokuwa nikitoa video ya dakika arobaini, nikaona chaji inashuka kutoka 80 hadi 71 huku waya umechomekwa imara. Mashine ilikuwa ikihitaji umeme mwingi kuliko chaja iliyoweza kutoa, na pengo likajazwa na betri. Mara moja si tatizo, ila mtu anayefanya kazi nzito kila siku kwa chaja dhaifu anaichosha betri bila kujua, na kikomo cha asilimia 80 hakitamwonya.

Matokeo niliyafuatilia kwa ripoti ambayo Windows huitengeneza yenyewe. Ukifungua dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport, mfumo hukutengenezea ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari, na ndani yake kuna namba tatu za maana: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, uwezo wake wa sasa ikijaa, na, kwenye mashine zinazoirekodi, idadi ya mizunguko. Mzunguko mmoja ni matumizi yanayofikia jumla ya asilimia 100, yawe ya siku moja au ya siku tano, kwa hiyo kutumia asilimia 20 mara tano ni mzunguko mmoja na si mitano. Betri yangu iliandikwa kiwandani kuwa na mWh (miliwati-saa, kipimo cha nishati) 57,000. Mwezi wa kwanza ripoti ilisema 57,600, jambo ambalo si la kushangaza kwa betri mpya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza ilisema 55,100, na wiki iliyopita, baada ya miezi 26 na mizunguko 118, imesema 53,000, yaani takriban asilimia 93 ya uwezo wa kiwandani. Ile ya zamani, kwenye mwezi wa 34, ilikuwa imeshuka kutoka mWh 41,000 hadi 22,300, ambayo ni asilimia 54. Sitaki kuuza ulinganisho huu kwa bei isiyo yake: ni betri mbili za ukubwa tofauti, ndani ya mashine mbili tofauti, na moja ilipimwa miezi minane baada ya umri wa nyingine. Hata hivyo meza ni ileile, mtumiaji ni yuleyule, na saa za kuchomekwa ni zilezile.

Msomaji atakayeanza kuchukua ripoti hizi aanze na subira. Katika mwezi wa kumi na nane nilizichukua kila Jumatatu, na Jumatatu moja uwezo ulishuka ghafla hadi 51,800. Niliandika barua ya malalamiko kwa mtengenezaji, nikaiacha ilale siku moja kabla ya kuituma, na Jumatatu iliyofuata ripoti ikasema 54,000 na ushei. Betri haikufa wala haikufufuka. Kompyuta haina dirisha la kuchungulia ndani ya seli. Inahesabu umeme unaoingia na unaotoka, inasoma volti, inasoma joto, kisha inakadiria. Makadirio hayo huyumba zaidi kwa mtu anayetumia kikomo, kwa kuwa betri haifiki juu kabisa wala chini kabisa, na kipimo kinakosa alama mbili za kujisahihishia. Kwa hiyo, kila baada ya miezi mitatu au minne, na kwa kawaida kipimo kinapoanza kusema uongo wa wazi, naiacha ijae hadi 100, naitumia hadi inakaribia kuzima, kisha naijaza tena na kurudisha kikomo. Zoezi hilo linasahihisha kipimo tu na haliiponyi betri, na wanaolifanya kila wiki wakidhani ni dawa wanaiongezea mizunguko ya bure.

Kasoro kubwa ya mpangilio huu kwenye mashine yangu ilijitokeza katika mwezi wa kumi na moja. Programu ya mtengenezaji ilijisasisha usiku, ikafungua ukurasa mpya wenye rangi nzuri zaidi, na kikomo kikarudi kwenye asilimia 100 bila neno. Nilikuja kugundua baada ya siku kumi na moja, na niligundua kwa sababu nilichomoa chaja nikaona namba niliyokuwa nimeisahau. Siku kumi na moja hazitoshi kuivimbisha betri, lakini mpangilio ambao kazi yake yote ni kukumbuka kwa niaba ya mtumiaji hauna haki ya kusahau. Tangu hapo naangalia kila baada ya sasisho. Mashine zinazohifadhi kikomo ndani ya BIOS hazina udhaifu huo kwa kiwango hicho, na kama ningekuwa nachagua kompyuta leo ningeuliza hilo kabla ya kuuliza rangi.

Kasoro ya pili ni kwamba sipewi nafasi ya kuchagua. Kuna 80 na kuna 100, basi. Kwa mtu ambaye hachomoi chaja siku tano mfululizo, 60 ingetosha kabisa na ingemfaa zaidi; na kwa kuwa hakuna namba ya kuanzia kuchaji, kila ninapotoka na kompyuta kwenda chumba cha pili kwa dakika kumi na kurudi, chaji hushuka hadi 77 na kuanza kupandishwa upya mara tu ninapochomeka. Madhara ya vipande hivyo vidogo si makubwa, maana betri hizi hupendelea kutumika kidogo kidogo kuliko kushushwa hadi sifuri, lakini ni kazi isiyo na sababu ambayo namba moja ya ziada ingeiondoa.

Wapo watakaouliza kuhusu gharama ya kuacha asilimia 20 bila kutumika. Gharama ipo. Kompyuta yangu ikijaa hukaa karibu saa saba za kuandika kwa mwanga wa wastani, na kwenye 80 hukaa saa tano na nusu au pungufu kidogo. Siku za kawaida sizioni saa hizo zilizopungua, kwa sababu soketi iko hatua mbili kutoka nilipo. Siku za safari naziona mapema, na hapo ndipo ninapokisifu kitufe cha kujaza mara moja, ambacho huruhusu betri ifike 100 kisha baada ya saa 24 hurudisha kikomo chenyewe. Nakibonyeza asubuhi ya safari wala si usiku wake, ili betri isilale imejaa bila sababu. Mtu ambaye kila siku anafanya kazi mbali na umeme na kuimaliza chaji hadi chini hana faida kubwa ya kupata hapa. Betri yake haikai kileleni kwa muda mrefu, na kumnyima sehemu moja ya tano ya chaji yake kwa ajili ya afya ya seli ni kumpa dawa ya ugonjwa asio nao. Kwake ushauri wenye uzito ni kutosubiri hadi kompyuta izimike yenyewe kila siku, na kuchomeka ikiwa kwenye asilimia 20 au hivi.

Sasa niseme kile ambacho mpangilio huu hauwezi, maana katika miezi sita ya kwanza nilikosea kwa kuuamini kupita kiasi. Kikomo hupunguza volti, hakipunguzi joto. Katika msimu wa joto nilihamia kufanyia kazi kitandani jioni, kompyuta imekaa juu ya mto, na nilikuwa na amani kwa kuwa namba ilisoma 80. Programu ya kusoma vihisio ikaniambia kwamba betri iko kwenye nyuzi 46. Nilipoihamishia juu ya ubao wa kukatia mboga nilioazima jikoni, ambao ulizifungua tundu za feni zilizokuwa zimezibwa na kitambaa, ilishuka hadi 34 ndani ya dakika ishirini. Ubao ule haukurudi jikoni. Nimewahi pia kujaribu kibao chenye feni tatu kinachouzwa kwa ajili ya kupoza kompyuta. Kilishusha nyuzi tatu au nne na kuongeza kelele ya kutosha kunifukuza chumbani, na sikioni kuwa na faida juu ya kitu chochote kigumu na tambarare kinachoinua kompyuta ipumue.

Mazingira mabaya zaidi ni mkoba. Kompyuta nyingi za sasa zikifunikwa haziwi zimezima. Huwa zimesinzia, na huamka zenyewe kutafuta mtandao au sasisho, na zikiamka ndani ya mkoba uliofungwa hazina pa kutolea hewa ya moto. Niliwahi kuitoa ya zamani mkobani ikiwa imepata joto la kuchoma viganja, chaji imeshuka kwa theluthi moja, na mimi nilikuwa nimeifunika tu kama kawaida. Tangu hapo naizima kabisa kabla ya kuifungia. Gari lililoegeshwa juani ni tanuri la aina hiyohiyo, na baridi kali nayo ina lake: betri ya lithiamu-ioni haipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa kuwa lithiamu huanza kujibandika juu ya grafiti kama metali badala ya kuingia ndani yake, na madhara hayo hayarudi nyuma. Apple hupendekeza kompyuta zake mpakato zitumike kati ya nyuzi 10 na 35, na ingawa mimi situmii za kwao, mipaka hiyo naifuata.

Kuhusu Apple, wao kwa miaka mingi walichukua njia tofauti na kikomo cha wazi. Tangu toleo la macOS Big Sur, kompyuta zao hujifunza ratiba ya mtumiaji, husimamisha chaji kwenye 80 na kumalizia sehemu iliyobaki karibu na saa ambayo mtu huwa anachomoa. Nimeitumia kwa wiki tatu kwenye mashine ya kuazima, na maoni yangu ni kwamba inamfaa mtu mwenye saa za kazi zisizobadilika. Kwangu, ninayechomoa leo saa mbili na kesho saa tisa, iliendelea kujaza hadi 100 siku nyingi kuliko ilivyosubiri, na si ajabu kwamba watumiaji wengi wa Mac waliamua kuweka AlDente, programu ya kuweka kikomo cha chaji, ili wapate namba isiyobishana nao.

Programu zinazojiita madaktari wa betri sitazipa zaidi ya sentensi mbili. Nilijaribu mbili: moja ilipunguza mwanga wa skrini na kufunga programu zilizokuwa wazi, kazi ambayo kidole huifanya bure, na nyingine ilidai kuirejeshea betri uwezo uliopotea, jambo ambalo hakuna programu inayoweza kulifanya, kwa kuwa lithiamu iliyokwisha kuliwa na utando haisikii amri za kompyuta. Kupunguza mwanga na kufunga vichupo visivyotumika kuna faida yake, lakini faida hiyo ni ya kurefusha muda wa chaji moja, na hufika kwenye umri wa betri kwa njia ya kuzunguka tu, yaani kwa kupunguza idadi ya mizunguko.

Vivyo hivyo kwa ushauri wa kuchaji kompyuta mpya saa nane kabla ya kuiwasha, na wa kuimaliza betri kabisa kabla ya kuichaji tena. Ushauri huo ulikuwa na maana kwa betri za nikeli-kadimiamu, zilizokuwa na tabia ya kukumbuka pale zilipozoea kuishia. Betri za lithiamu-ioni hazina kumbukumbu ya namna hiyo, na anayezimaliza kila siku kwa kufuata desturi ya zamani anazipeleka upande wa pili wa hatari, wa volti ya chini mno.

Kuhifadhi ndiko ambako mpangilio huu hausaidii kabisa, kwa sababu unafanya kazi kompyuta ikiwa kwenye umeme. Nilipokuwa naondoka kwa miezi mitatu niliishusha betri hadi takriban asilimia 50, nikaizima kompyuta badala ya kuisinzisha, nikaiweka kwenye kabati lisilopigwa na jua. Niliporudi ilikuwa kwenye 46. Kwa wanaohifadhi zaidi ya miezi sita, Apple hushauri kiwango hichohicho cha nusu, na betri irudishiwe nusu yake kila baada ya miezi sita, maana iliyoachwa ikaisha kabisa na kubaki hivyo inaweza kushuka chini ya volti ambayo saketi yake ya ulinzi hukubali kuichaji tena.

Ile betri iliyovimba fundi aliitoa kwa kipande cha plastiki, taratibu, gundi ikiachia sentimita moja moja, akanikataza nisiishike kwa kubonyeza. Betri iliyovimba haitobolewi ili gesi itoke, haichajiwi hata mara moja zaidi ili kuhamisha mafaili, na haitupwi pamoja na takataka za kawaida. Hupelekwa kwa wanaopokea betri chakavu. Yeye aliifungia ndani ya ndoo yenye mchanga na kuiweka nje ya chumba chake cha kazi. Badala yake alinitafutia betri isiyo ya mtengenezaji, ambayo ilifanya kazi, lakini kompyuta ile haikuweza kusoma idadi ya mizunguko yake, na asilimia zilikuwa zikiruka kutoka 31 hadi 12 bila kupitia katikati. Nilidumu nayo miezi mitano.

Kwa hiyo alama zangu ni hizi: wazo lenyewe tisa kwa kumi, utekelezaji wa mashine yangu sita kwa kumi. Moja ya alama zilizopotea ni ya mafichoni ulikowekwa, mbili ni za sasisho lililofuta kikomo bila taarifa, na iliyobaki ni ya kukosa namba ya kuanzia kuchaji. Anayetaka kujaribu aanze kwa kuchukua ripoti ya leo na kuihifadhi kwa tarehe, kisha awashe kikomo, kwa kuwa bila namba ya mwanzo hatakuwa na cha kulinganisha. Yangu ya kwanza bado ipo kwenye folda ileile, pamoja na nyingine 25, na ile barua ya malalamiko ambayo haikutumwa.